Kifungu cha Tisa

Mwalimu Mkuu aliagiza soda mbili kabla hajajua mgeni wake amefuata nini. Alidhani amekuja kuaga, au kutoa madawati machache ya mwisho, kama wanavyofanya wakubwa wakitoka madarakani. Akavuta kiti kilichokuwa kizima kuliko vingine, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Karibu, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uheshimiwa uliishia kwenye sanduku la kura. Niite Mwalimu."

Mji mzima ulimwita Mama Hoja. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule hiyohiyo miaka kumi na minne, akachaguliwa kuwa mbunge mara mbili mfululizo, kisha wabunge wenzake wakamtuma Bunge la Kanda, lile linalokutanisha nchi jirani zote, akakaa huko miaka mitano. Aliporudi kukiomba kiti chake cha nyumbani, wapiga kura walimpa mgongo. Kiti kilichukuliwa na muuza mabati. Jina la Hoja alilipata bungeni, maana haikupita siku bila yeye kusimama na kusema, "Mheshimiwa Spika, nina hoja." Na huyu Mwalimu Mkuu aliyekuwa akimfungulia soda, zamani alikaa darasa la tano mbele yake, akiitwa Kifutio, kwa sababu kipindi kikikaribia kwisha alikimbilia kufuta ubao asije akaulizwa swali.

"Nimesikia darasa la sita halina mwalimu wa hesabu tangu muhula uliopita," Mama Hoja alisema, akaweka bahasha ya vyeti mezani. "Nimekuja kuomba kazi."

Kifutio alicheka. Mama Hoja hakucheka. Kicheko cha Kifutio kikapungua kidogo kidogo mpaka kikabaki meno tu.

"Kazi ya… kufundisha?"

"Kwani hapa mna kazi nyingine?"

"Hapana, Mwalimu. Ila, kwa heshima zote, kuna ile sheria."

"Sheria gani?"

"Yako."

Alifungua droo, akatoa kijitabu kilichochakaa pembe, akapekua, akasafisha koo ili asome. Mama Hoja alimzuia kwa mkono.

"'Mwalimu yeyote aliyekaa nje ya darasa kwa zaidi ya miaka mitano hataruhusiwa kufundisha mpaka afaulu mtihani wa maandishi na wa vitendo.' Kifungu cha tisa. Nilikiandika mimi, juu ya meza ya chakula, mume wangu akinihimiza niinue kalamu apange sahani."

"Basi shida haipo!" Kifutio alipata nguvu. "Waziri mlikaa benchi moja. Piga simu moja tu. Si kuna kifungu cha kumi na moja? Waziri anaweza kumsamehe mtu mtihani kwa barua."

"Hicho si changu. Walikiongeza wao."

"Lakini kipo."

"Kipo. Na wanaokitumia ni akina nani?"

Kifutio aliiangalia soda yake. "Wenye namba ya Waziri," alikiri.

Mama Hoja alisimama. Chupa yake ilikuwa haijaguswa. "Nipe fomu ya mtihani."

*

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba. Mchana ule alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya jokofu la duka la nyama, vikibaki nje kiuno na viatu. Mkewe alivieleza viatu mambo yote ya shuleni.

Fundi alijitoa polepole, akaketi juu ya mtungi wa gesi.

"Ngoja nielewe. Sheria uliitunga wewe."

"Ndiyo."

"Ungeiacha humu nchini, leo tungevuka mpaka, ukafundishe kwa jirani. Lakini wewe, mama watoto, ukaibeba mpaka Bunge la Kanda, ukaipitisha nchi zote. Umefunga mlango, ukafunga na dirisha, kisha ufunguo ukaumeza!"

Mama Hoja alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Walicheka wote wawili, mpaka binti yao wa mwisho akatoka ndani kuuliza kuna nini. Walimwita Kitinda. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu miezi miwili iliyopita, na fomu yake ya mtihani wa leseni ilikuwa imeshajazwa, ikisubiri picha mbili tu. Alipoiona fomu ya pili mkononi mwa mama yake, uso ulimbadilika.

"Mama, ni mtihani huuhuu?"

"Huohuo."

"Ukumbi huohuo?"

"Wilaya ina ukumbi mmoja."

"Wenzangu watasema nini?"

"Watasema kile ni kichwa chenye mvi. Na ni kweli."

Kitinda alimgeukia baba yake ili apate msaada. Fundi alikuwa akifuta bisibisi ambayo haikuwa chafu. Alijua, kama walivyojua wote watatu, kwamba kiinua mgongo cha bunge kilikuwa kimeishia kwenye fulana na vipaza sauti vya kampeni, na kwamba tangu uchaguzi nyumba ilikuwa ikila majokofu ya watu. Lakini alijua pia kwamba hilo halikuwa lote. Mkewe alikuwa ameanza kuamka kila asubuhi, kuoga, kuvaa vizuri, kisha kuketi sebuleni akiwa hana pa kwenda.

"Mwache mama yako," alisema. "Afadhali ajaze fomu kuliko kujaza sebule."

*

Siku ya mtihani wa maandishi, kijana aliyekuwa akikagua vitambulisho mlangoni alimwekea Mama Hoja mkono mbele, kwa adabu.

"Mzazi, wazazi wanasubiri kule kwenye kivuli."

"Mimi ni mtahiniwa."

Kijana alisoma karatasi, akamtazama, akasoma tena. Nyuma yao foleni ya vijana ilianza kunong'ona. Mmoja aliinua simu ampige picha. Kitinda, aliyekuwa nafasi tatu mbele, alikaza macho sakafuni kama aliyedondosha sindano.

Maswali mengi yalikuwa ya kawaida. La saba ndilo lililomfanya Mama Hoja atabasamu peke yake: *Eleza madhumuni ya Sheria ya Leseni ya Ualimu, na changamoto zake katika utekelezaji. Alama kumi.* Aliandika kurasa mbili nzima za madhumuni, kalamu ikikimbia yenyewe. Msimamizi alipotangaza dakika mbili, alikuwa hajagusa changamoto. Akaandika sentensi moja: *Changamoto ni chache na zinashughulikiwa.*

Alipata alama nne. Kwa jumla alifaulu, hamsini na nane kwa mia; Kitinda alipata sabini na sita. Lakini zile nne zilimkera kuliko kitu chochote.

"Nne! Kwenye sheria yangu mwenyewe!"

"Mama, swali lilikuwa na sehemu mbili," Kitinda alisema taratibu. "Wewe umejibu moja."

Mtihani wa vitendo ulifanyika katika shule ya Kifutio, darasa la sita, watoto sabini na wawili, mada ikiwa kujumlisha sehemu. Mkaguzi alikuwa msichana mwenye viatu vya chini na faili la kijani. Aliketi nyuma kabisa, akalifungua faili.

Mama Hoja alisimama mbele. Mara sauti ikamjia, ile iliyokuwa ikijaza ukumbi wa bunge bila kipaza sauti.

"Wanafunzi wapendwa! Sehemu ni msingi wa mgawanyo wa haki. Je, tunaweza kujumlisha nusu na theluthi? Tunaweza! Kwa njia gani? Kwa kutafuta asili iliyo sawa! Na kwa nini iwe sawa? Kwa sababu huwezi kujumlisha vitu visivyolingana!"

Alizungumza dakika thelathini na tano. Alipomaliza, aliuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" na watoto wakapiga makofi. Mama Hoja aliinamisha kichwa kidogo kuyapokea.

Mkaguzi aliinuka, akampa chaki mtoto wa dawati la kwanza. "Nusu jumlisha theluthi." Mtoto, bila wasiwasi, akajumlisha juu na juu, chini na chini, akaandika mbili ya tano. Mkaguzi akauliza wangapi wanakubali. Mikono ilisimama kama shamba la mahindi.

Matokeo alisomewa palepale kwenye baraza nje ya darasa, Kifutio akijifanya anakagua bomba. "'Mtahiniwa anajiamini na ana sauti nzuri. Hata hivyo, anahutubia, hafundishi. Alijiuliza maswali mwenyewe na akajijibu mwenyewe. Hajafaulu.'" Msichana alifunga faili. "Pole sana, mama. Marudio ni baada ya wiki sita."

Kabla Mama Hoja hajafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Kwa kinyozi wa jirani mtu alisema, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mama Hoja leo kaishiwa hoja!" na vicheko vikamfuata mpaka kona.

Nyumbani alimkuta Kitinda akiwa amekaa jikoni. Alikuwa amefaulu vitendo siku iliyotangulia, na hakumwambia mtu.

"Umepata ngapi?"

"Themanini."

"Basi inuka ushangilie. Usinifichie furaha yako, mwanangu. Hiyo itaniuma zaidi ya kufeli."

*

Siku ya tatu Kifutio alikuja mwenyewe, akitokwa jasho, na bahasha yenye muhuri. Alikuwa ameshindwa kuvumilia. Alikuwa amepiga simu wizarani kwa hiari yake, akataja jina la mwalimu wake, na barua ya msamaha ikatoka kwa siku moja.

"Jumatatu unaanza, Mwalimu. Darasa la sita linakungoja."

Aliondoka upesi, asije akarudishiwa. Fundi aliisoma barua, akairudia.

"Hii ni halali," alisema.

"Ni halali."

"Wale watoto hawana mwalimu. Waliandika mbili ya tano, wewe mwenyewe umesema. Utawaacha wiki sita nyingine kwa ajili ya fahari yako?"

"Si fahari."

"Basi ni nini?"

Mama Hoja aliinuka. Akachukua blauzi ya Kitinda ya kwendea usaili, akaiweka barua ndani ya mkoba, akatoka kuipeleka blauzi kwa dobi.

Dobi huyo alikuwa mwanamke wa umri wake. Zamani walikaa meza moja katika chumba cha walimu. Alifundisha lugha, na kwa ukali wake wa alama za uandishi watoto walimpa jina la Nukta. Mume wake alipopata kiharusi, aliacha kazi akamwuguza miaka saba, akimgeuza, akimlisha, mpaka siku alipomzika. Aliporudi shuleni alikikuta kifungu cha tisa mlangoni. Sasa alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Miaka ya mwisho ya ubunge nguo za Mama Hoja zilipelekwa pale na dereva. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga.

"Weka hapo," Nukta alisema bila kuinua macho kwenye pasi. "Kesho saa nne."

"Hujambo, shoga?"

"Sijambo. Nasikia umepata barua."

"Mji huu hauna pazia."

"Hata mimi nilipata barua. Ngoja." Aliisimamisha pasi, akafungua kopo la bati lililokuwa juu ya rafu, akatoa karatasi yenye nembo ya Bunge la Kanda. "'Mheshimiwa amepokea ombi lako na linafanyiwa kazi.' Hii si saini yako?"

Mama Hoja aliitazama. "Ni yangu."

"Nilikuandikia kurasa nne. Nilikueleza habari za mume wangu, na jinsi sheria ilivyonifungia. Uliisoma?"

Lilikuwepo jibu jepesi. Angeweza kumtaja katibu. Angeweza kutaja safari na vikao, na kweli vilikuwepo.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nikitia saini barua thelathini kwa siku. Sikuisoma."

Nukta alirudia pasi. Alinyoosha mkono mmoja wa shati hadi mwisho kabla ya kusema, "Afadhali leo umejibu swali uliloulizwa."

"Kwa nini hukufanya mtihani?"

"Niliogopa. Miaka saba nazungumza na mtu asiyeweza kunijibu, kisha nisimame mbele ya msichana mwenye faili? Na sheria yako ilivyoandikwa, utadhani kila aliye nje ya darasa yuko kwenye starehe." Aligeuza shati. "Tumia barua yako. Watoto wanahitaji mwalimu, sitakusema vibaya. Ila nijibu na hili: kama yako ipo, yangu iko wapi?"

Mama Hoja aliitoa barua mkobani, akaitazama, akairudisha. Kisha akasema, "Marudio ni baada ya wiki sita. Na waliojiandikisha upya wanafanya siku hiyohiyo. Twende wote."

Nukta alicheka, kwa mara ya kwanza. "Wewe uliyefeli ndiye wa kunibeba mimi?"

"Mimi naujua mtihani wa maandishi, nimeufaulu. Wewe unajua kufundisha. Nimesahau, shoga. Nilisimama pale nikaona watu wa kupiga makofi, sikuona watoto. Nifundishe."

"Mimi sifungi kazi kwa ajili ya mtu. Uje saa tisa, ukunje nguo huku unasoma."

*

Kifutio aliporudishiwa barua, alishika kichwa. "Nitamwambia nini Waziri?"

"Mwambie nimefeli, na marudio ni tarehe kumi na mbili."

Kuanzia siku hiyo, kila saa tisa Mama Hoja alivuka barabara na vitabu kwapani. Saa ya kwanza ilikuwa ya maandishi. Alimwuliza Nukta maswali, naye Nukta akajibu huku mvuke ukimpanda usoni. Saa ya pili ilikuwa ya kufundisha, na hapo Nukta alijifanya mwanafunzi, mgumu kupita wote ambao Mama Hoja aliwahi kukutana nao.

"Sijaelewa."

"Nimeshakueleza mara mbili."

"Umeeleza. Mimi nakwambia sijaelewa."

"Basi sikiliza vizuri…"

"Tazama, umeanza tena kusema. Kwa nini huniulizi nimekwama wapi?"

Siku nyingine Mama Hoja alitupa shuka mezani akaondoka, akafika katikati ya barabara, akarudi. Nukta alimpa ncha moja ya shuka, wakalikunja pamoja.

Kitinda, aliyekuwa akingoja kupangiwa shule, alianza kuja pia, akiwa na maandalio yake ya somo. Alimwonyesha mama yake walivyofundishwa chuoni: kukata karatasi, kuwapanga watoto vikundi. Mama aliandika kila kitu, na alipouliza, aliuliza kama mtu asiyejua. Jambo hilo lilimshangaza Kitinda kuliko mtihani wote.

Jumamosi moja Fundi alikuja kuleta chai, Nukta akamkalisha kwa nguvu kwenye benchi. "Leo mwanafunzi ni wewe. Nimechoka kujifanya mjinga."

Mama Hoja alimpa mumewe kitambaa, akamwambia akikunje nusu. Kisha akamwomba, kwenye kitambaa cha pili kilicholingana nacho, amwonyeshe theluthi. Fundi alikunja, akakosea, akakunjua. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji. Mama Hoja alifungua mdomo, Nukta akamkazia jicho, akaufunga.

"Mama watoto," Fundi alisema mwishowe, akikitazama kitambaa, "mimi haya mambo sijawahi kuyaelewa."

"Kitambaa?"

"Sehemu. Tangu shule. Gesi huwa ninachanganya kwa kusikiliza mlio wa mashine. Wakiniandikia robo na theluthi, najifanya nimesahau miwani."

Mama Hoja alimwangalia. "Miaka ishirini na sita tuko nyumba moja, mimi ni mwalimu wa hesabu, na hujaniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza. Kila mara ulikuwa unaeleza."

Hakuna aliyecheka. Mama Hoja alivuta kigoda, akaketi ili macho yake yalingane na ya mumewe. "Hapo ulipokunja," alisema, "ulikuwa unafikiria nini?" Kisha akanyamaza, akangoja. Fundi akaanza kueleza, kwa kukwamakwama, na mkewe akamsikiliza mpaka mwisho. Iliwachukua jioni yote. Walipofika kwenye vipande sita vilivyolingana, vitatu huku na viwili kule, Fundi aliviweka pamoja akavihesabu kwa kidole: vitano. Tano ya sita. Akavihesabu tena, kama mtu anayehakiki kwamba hajaibiwa.

*

Tarehe kumi na mbili asubuhi Nukta alifanya mtihani wa maandishi, na mchana akatangulia kuingia darasani, akihesabu karatasi zake kwa mara ya tatu. Alipotoka alikuwa ametulia. "Watoto walinijibu," alisema tu, akaomba maji.

Mama Hoja alikuta mkaguzi yuleyule na faili lilelile. Aligawa karatasi za kukunja, akauliza, akatembea kati ya madawati. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba hajaelewa, na darasa likamcheka. "Waliocheka, njooni mtusaidie," Mama Hoja alisema. Walikuja wanne, nao wakakwama palepale. Kengele ililia hajafika kwenye swali la mwisho la andalio lake. Watoto hawakupiga makofi. Walikuwa bado wameinamia karatasi zao wakibishana.

Majina yalibandikwa baada ya siku kumi. Nukta, themanini na moja. Mama Hoja, sitini na tatu.

Kifutio aliwaita wote wawili ofisini, akaagiza soda tatu, akazunguka sana kabla ya kutua. Nafasi aliyopewa na wilaya ilikuwa moja.

"Kwa kawaida ni kwa alama," alisema akimkwepa Nukta kwa macho. "Ila ninayekosa ni mwalimu wa hesabu. Nikiandika kwamba shule inahitaji… uzoefu wa kipekee, ofisi haitauliza."

Nukta alishika mkoba wake kama anayejiandaa kuondoka.

"Andika kwa alama," Mama Hoja alisema.

"Lakini yeye ni wa lugha, Mwalimu. Hesabu za darasa la sita je?"

"Aliyeniweza mimi atashindwa na watoto?"

Kifutio aliandika. Nukta hakushukuru, na Mama Hoja hakungoja shukrani. Walipofika getini tu ndipo Nukta aliposema, "Kesho lete zile karatasi za sheria. Tuna jioni tatu kabla sijaanza."

Kazi hiyo ilichukua jioni nne. Waliandika pendekezo: kwamba mwalimu aliyetoka darasani kuuguza mgonjwa wake arudi kwanza kwa muhula mmoja chini ya mwalimu mwenzake, ndipo apimwe. Na kifungu cha kumi na moja kifutwe kabisa. Walimu thelathini na wanane wa wilaya, walio nje na walio ndani, walitia saini.

Mama Hoja hakulituma. Alilipeleka mwenyewe kwa muuza mabati, katika ofisi ambayo mapazia yake aliyachagua yeye mwenyewe alipokuwa mbunge. Alikalishwa kwenye benchi la nje kwa muda wa saa tatu, akitazama watu waliomjua wakimpita kwa haraka. Alipoitwa, mbunge mpya hakuinuka.

"Mama, kwenye kampeni uliniita mpiga misumari."

"Niliita. Nilikosea, naomba radhi. Sasa soma hapa."

"Acha tu, tutalifanyia kazi."

"Hapana, baba. Nimekaa katika kiti hicho, najua maana ya neno hilo. Soma nikiwepo. Usipoelewa mahali, niulize."

Muuza mabati alimtazama, akacheka kidogo, akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kwenye ukurasa wa pili aliacha kucheka. "Mama yangu mzazi aliuguzwa na dada yangu," alisema. "Dada alikuwa mwalimu. Hakurudi tena kazini." Akachukua kalamu. Hakutia saini, alianza kuuliza maswali. Hoja hiyo ingechukua miaka, wote wawili walijua, kwanza nyumbani, kisha kwenye kanda. Lakini ilikuwa imeanza kusomwa.

*

Barua ya ajira ya Mama Hoja, kutoka wilayani, ilimpangia shule ya mwisho wa barabara, nyuma ya machimbo ya mawe, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kitinda alikuwa amepangiwa shule ya mjini, dakika kumi kutoka nyumbani, na aliona haya.

"Tubadilishane, mama. Mimi nina miguu."

"Na mimi nina barua ya ajira. Usinigusie barua."

Asubuhi ya kwanza Fundi alimsindikiza mpaka mwisho wa lami, akimbebea mkoba. Hapo Mama Hoja aliupokea, akaenda peke yake, viatu vikishika vumbi jeupe. Shule ilikuwa na madarasa manne na mwalimu mkuu aliyekuwa akifundisha mawili kwa pamoja. Alimpa kipande cha chaki na orodha ya watoto tisini na mmoja, akamwomba radhi kwa kuwa kiti hakuna.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe alisimama kwenye uzio akimkodolea macho. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Samahani, mama. Si wewe ulikuwa mbunge? Wewe si ndiye yule wa Bunge la Kanda?"

"Ndiye mimi."

Mwanamke aliangalia paa lililotoboka, akaangalia vile viatu vya vumbi, akashusha sauti kwa huruma. "Jamani. Wamekushusha mpaka huku?"

"Hapana, dada," Mama Hoja alisema. "Wameniajiri."

Akageuka, akaingia darasani.